Friji Lenye Joto la Kwapa

Tulipoachana, ndugu zangu, nilikuwa nimening'inia ukingoni mwa paa la karakana ya chuo kama nguo iliyosahaulika kambani. Ngazi imeanguka, na wenzangu darasani wanacheka badala ya kuiinua.

Msihuzunike, niliteremshwa. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyesimamisha ngazi. Nilipofika chini hakuniuliza kama nimeumia. Aliniuliza kama paneli imepasuka.

"Haijapasuka, Mwalimu."

"Basi wewe ni fundi. Mwingine angeiachia."

Kwa wanaonisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mama wa mtoto mmoja. Mume wangu aliondoka na kila chenye miguu ndani ya nyumba, viti, meza, kitanda, na mwisho miguu yake mwenyewe. Dada yangu wa tumbo moja akanipokea, akanipa chumba cha uani mimi na mwanangu. Mume wake, shemeji yangu, ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Mtaa mzima unamwita Fundi Barafu.

Nilipoanza kusomea umeme wa jua na upozaji, shemeji alicheka hadi akakohoa.

"Wewe na paa, shemeji yangu," alisema, "ni kuku na kuogelea."

Lakini alinilisha. Natanguliza hilo, maana leo nitamsema vibaya, na sitaki mtu aniite mtovu wa shukrani kabla hajanisikia mpaka mwisho.

Basi kesho yake asubuhi na mapema, baada ya kioja cha paa, Mwalimu akanikabidhi begi la vifaa.

"Twende. Kuna zahanati inalalamikia friji lake la chanjo. Utatazama, utashika, utajifunza. Midomo ya karakana iache karakana."

Nilifurahi kama mtoto aliyeahidiwa viatu. Na nilipoona tunaelekea wapi nikafurahi zaidi, kwa sababu zahanati ile ilikuwa ya mtaani kwetu. Ndipo nilipompeleka mwanangu chanjo ya surua, miezi michache nyuma.

Nesi alitupokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, kucha zake zimepakwa rangi ya zambarau. Siku ile ucheshi ulikuwa umemkimbia.

"Mwalimu, mimi si fundi," alisema, "lakini nina pua. Mchana friji linanguruma vizuri tu. Asubuhi nikilifungua, ni kama nimefungua mdomo wa mtu aliyetoka kuamka."

"Kipimajoto kinasemaje?"

"Nyuzi nne. Asubuhi nne, jioni nne. Ndiyo inavyotakiwa. Nikamwambia fundi wetu kuhusu hii harufu, akaniambia nikapimwe pua."

Mwalimu akanitazama. "Fungua."

Nikashika mlango. Vidole vyangu vikazama kwenye mpira wa pembeni, ukateleza kama ulimi wa ng'ombe. Nilipoutazama mkono, ulikuwa na ute mweusi. Ukungu ulikuwa umeota kwenye mikunjo yote ya ule mpira, mwororo, wenye vinyweleo.

Kisha joto likanipiga usoni. Ndugu zangu, lilikuwa joto lenye unyevu, la kwapa la mtu aliyebeba mizigo tangu alfajiri. Ndani, chini ya rafu ya vichupa vya dawa, maji yalikuwa yametuama, na sisimizi wamejipanga pembeni yake kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa.

"Sisimizi," nikasema. "Ndani ya friji."

"Wadudu hawakai penye baridi," alijibu Mwalimu. "Nipe hicho kipimajoto."

Kilikuwa kidude cha mviringo chenye mshale, kama saa ndogo. Mshale ulikuwa kwenye nne. Mwalimu akakitia kwapani mwake, akasimama kimya kama mgonjwa mtiifu. Akakitoa.

"Nne," akasema.

Juu ya meza ya Nesi kulikuwa na kikombe cha chai kinachofuka moshi. Mwalimu akakitumbukiza kipimajoto mle ndani bila kuomba ruhusa. Tukasubiri. Akakinyanyua, kinachuruzika chai.

"Nne. Hata chai yako, Nesi, imeganda."

Akaomba pini, akakibandua kioo, akausukuma ule mshale. Haukusogea. Chini yake kulikuwa na tone la gundi, limekauka, linang'aa kama kamasi.

Mtu alikuwa ameugandisha makusudi.

Nesi aliketi palepale sakafuni, na sare yake nyeupe, bila kutafuta kiti.

"Lini?" alisema. "Tangu lini?"

"Tuonyeshe betri," Mwalimu akamwambia.

Betri zilikuwa kwenye chumba kidogo nyuma ya stoo ya dawa, ndani ya kizimba cha chuma. Kufuli zima, kizimba safi. Ungeziona kwa mbali ungesema ni mpya, maana zilikuwa na karatasi za nembo zinazometameta. Lakini Mwalimu alipofungua tu, harufu ya mayai viza ikajaa chumba. Nikaziba pua kwa kiwiko.

"Usizibe," akaniambia. "Hiyo harufu ndiyo mwalimu wako leo. Betri ikinuka hivi, imekufa na bado inalazimishwa kula. Gusa ubavu."

Nikagusa. Ulikuwa umevimba, umetuna, kama tumbo la mzoga uliosahaulika juani. Kwenye vichwa vyake kulikuwa na magamba ya kijani na meupe, na tindikali ilikuwa imetambaa hadi chini na kuitafuna sakafu. Mwalimu akakwangua ncha ya karatasi ya nembo, ikabanduka yote. Chini yake kulikuwa na plastiki kuukuu, imepauka, imechubuka.

"Hizi zilishazikwa, zikafukuliwa," alisema. "Jua likiwaka, paneli zinalisukuma friji zenyewe. Jua likizama, friji linazama nalo. Kila usiku dawa zinapikwa taratibu."

Nesi alikuwa amesimama nyuma yetu. "Hizo si betri zangu."

"Una hakika?"

Akanyoosha mkono, akatuonyesha kucha zake. "Zilipoletwa nilitia tone la rangi hii kwenye kifuniko cha kila moja. Niliambiwa vitu vya zahanati vina miguu. Hizi hazina tone."

"Nani anashika ufunguo?"

"Mimi. Na mlinzi, na fundi anayekuja kuzihudumia. Mara ya mwisho alikuja siku ya mapumziko, tumefunga. Mlinzi akamfungulia lango. Mlinzi anasema kulikuwa na mwanamke wa kumsaidia kubeba vifaa."

"Mlinzi yuko wapi?"

"Amekwenda kwao kumuuguza mama yake. Kesho asubuhi yuko hapa."

"Na fundi anaitwa nani?"

"Fundi Barafu," alisema Nesi. "Si mnamjua? Nani asiyemjua?"

Niliangalia sakafu iliyotafunwa. Nilitaka kusema, Mwalimu, huyo ni shemeji yangu, nimelala chini ya paa lake na jana nimekula sahani moja na yeye. Nikasema tu, "Nimelisikia hilo jina."

Nesi akanigeukia taratibu.

"Wewe ninakukumbuka. Una mtoto mnene, anapenda kuvuta shanga za watu. Nilimchoma mimi mwenyewe."

"Ndiyo."

"Surua imeshaingia mtaani, mama. Watoto wawili wamelazwa hospitali, na wote nilikuwa nimewachanja. Nikajiuliza, chanjo gani hii?" Akaitazama mikono yake. "Nimekuwa nikiwachoma watoto maji."

Nilitoka nje. Nilitapika nyuma ya tanki la maji mpaka ikabaki nyongo tupu.

Na nilipokuwa nimeinama pale ndipo kumbukumbu ikaja, wala sikuiita. Siku ile ya chanjo, nilipokuwa natoka na mwanangu mgongoni, shemeji alikuwa kibarazani anafunga kamba za viatu.

"Mnakwenda wapi na kidume?"

"Zahanati. Chanjo ya surua."

Akainuka, akambusu mwanangu kwenye paji la uso. "Mpeleke, mpeleke," akasema. "Kinga ni bora kuliko tiba."

Mwalimu aliniruhusu niende nyumbani kumtazama mtoto. Sikutembea, nilikimbia.

Nyumbani dada yangu huuza barafu na juisi za baridi kwa dirisha la mbele. Biashara hiyo ndiyo inayovisha na kulisha nyumba, nami nimekuwa nikiifurahia. Mtaa mzima umeme ukikatika, sisi tuna mwanga na friza linanguruma. Watu walikuwa wakisema, ndiyo faida ya kuolewa na fundi.

Nyuma ya friza kuna sanduku la mbao lililofunikwa kitambaa cha maua. Shemeji alikuwa amelipiga marufuku. "Umeme wa jua ni nyoka," alikuwa akisema. "Mwanafunzi asiingize mkono pangoni." Nami, mjinga, nilidhani ananihurumia.

Dada alikuwa uani anafua. Nikavuta kitambaa, nikafunua kifuniko cha mbao.

Betri nne, safi, zimekaa kimya kama watoto wenye adabu. Juu ya kifuniko cha kila moja, tone la rangi ya kucha. Zambarau.

Juu ya friza kulikuwa na bilauri yangu ya asubuhi, bado ina maji. Nilikuwa nimekunywa maji yale nikasema, alhamdulillahi, baridi hadi kwenye meno.

"Umefungua nini?"

Dada alikuwa mlangoni, mikono ina povu.

"Dada, hizi zimetoka wapi?"

"Funika. Mwenyewe akija..."

"Zimetoka zahanati."

Alifuta mikono kwenye gauni, taratibu mno, kidole baada ya kidole.

"Zilikuwa zimekaa tu kule," alisema. "Friji moja dogo, betri nne. Za nini zote? Mume wangu alisema watapelekewa nyingine, na wakapelekewa."

"Wamepelekewa mizoga! Ulijua?"

"Tulizibeba wawili," akasema, kana kwamba analalamika. "Mgongo uliniuma wiki nzima. Nzito, wewe unaziona hivyo hivyo tu!"

Nilimtazama dada yangu. Huyu ndiye aliyenisuka nywele siku yangu ya kwanza ya shule. Ndiye aliyenificha nyuma yake mama aliposhika fimbo. Nikahisi kama nimeuma tunda nikakuta nusu ya funza.

Ndipo jambo jingine likanipanda kichwani.

"Kitinda mimba wako. Ulimpeleka wapi chanjo ya surua?"

Akaanza tena kufuta vidole.

"Ulipanda magari mawili na mtoto mgongoni hadi hospitali kubwa. Nikakuuliza, zahanati si hii hapa karibu? Ukaniambia kule kuna daktari mzuri."

"Baba yake ndiye aliyesema."

"Na mwanangu?"

Dada aliinamisha uso. "Nilitaka kukuambia. Alisema nikikuambia utauliza kwa nini. Tangu uanze hiyo shule yako unauliza sana maswali."

Kuna matusi ambayo Mungu hakuyaumba kwa sababu hakutegemea siku kama ile.

Nikaenda chumbani kwangu. Mwanangu alikuwa amelala. Nikamgusa shingo, ilikuwa ya moto. Macho yake, alipoyafungua, yalikuwa mekundu na yanatoka machozi bila kulia.

Shemeji alirudi jua likiwa bado halijazama. Dada alikuwa amekwisha kumnong'oneza mlangoni, maana aliingia akitabasamu.

"Mwanafunzi bora," akasema. "Umemaliza chuo lini?"

"Rudisha betri za watu."

Akaketi, akaletewa chakula, akala. Nawaambieni ukweli, alikula vizuri. Alichambua mfupa, akaufyonza mpaka ukalia. Kisha akachukua kijiti akaanza kuchokonoa meno, akikitazama kila anachokitoa kabla ya kukirudisha mdomoni.

"Sikiliza, shemeji. Dawa ni maji tu yenye jina refu. Babu zetu walichanjwa na nani?"

"Kama ni maji, wako kwa nini ulimpeleka kwingine?"

Kijiti kikasimama.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Fundi Barafu akigandishwa. Lakini barafu haikudumu. Akacheka kidogo, akatema kipande cha nyama pembeni ya sahani.

"Ukisema, utalala wapi?"

"Nitalala nje."

"Na dada yako? Watoto wake? Hili dirisha likifungwa, tutakula hiyo elimu yako?" Akajimiminia maji, akatia barafu, akanisogezea bilauri. "Kunywa, upoe. Nitakufundisha kazi mwenyewe, kazi ya kweli, siyo hiyo ya ubaoni. Mtu wa ndani ana faida yake."

"Gundi ile," nikamuuliza, "uliitia kwa mkono gani? Uliomshikia mwanangu kichwa ulipombusu?"

Dada akaanza kulia jikoni. Shemeji hakugeuka.

Niliimwaga ile bilauri kwenye sahani yake, juu ya mifupa.

"Kesho asubuhi, kabla zahanati haijafunguliwa, ziwe zimerudi," nikamwambia. "Mwambie Nesi ulichofanya wewe mwenyewe. Usipokwenda, nitakwenda mimi. Nakupa nafasi hii kwa ajili ya huyo anayelia, si kwa ajili yako."

Aliitazama sahani iliyofurika. Kisha akaniangalia, mpole, karibu kwa huruma.

"Sawa," akasema.

Lile "sawa" ndilo lililopaswa kunitisha. Mtu mbishi akikubali haraka, ndugu zangu, shika mkoba wako.

Asubuhi nilimbeba mwanangu, sasa anawaka kama pasi, begi la vifaa begani, nikapitia kwanza chuoni. Nilitaka Mwalimu aisikie kwa kinywa changu kwamba yule fundi ni shemeji yangu, kabla hajaisikia kwa mwingine. Niliikuta karakana imefungwa. Mfagiaji akaniambia Mwalimu ameshakwenda zahanati, dawa mpya zinaletwa leo na friji lazima liwe tayari.

Nilipofika kwenye lango la zahanati niliona mkokoteni. Juu yake, betri nne zenye matone ya zambarau.

Moyo wangu ukatulia. Nikasema, kumbe ana utu. Kumbe hata yeye alilala akaona haya.

Ndani walikuwa wamesimama wanne. Nesi, Mwalimu, Fundi Barafu katika ovaroli iliyopigwa pasi, na dada yangu, kajifunga mtandio hadi kwenye nyusi. Niliposalimia hakuna aliyeitikia.

"Mlete mtoto," Nesi alisema. Akamchukua, akamlaza mapajani, akaanza kumtazama mdomoni na nyuma ya masikio. Hakunitazama mimi.

"Betri zimepatikana," Mwalimu akasema.

"Nimeziona, Mwalimu. Nashukuru. Nilikuwa nakuja kukuambia..."

"Zimepatikana chini ya kitanda chako."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nani amesema?"

Fundi Barafu akashusha pumzi ndefu, kama baba aliyechoshwa na mtoto mtukutu. "Mimi ndiye niliyezikuta. Leo asubuhi, alipotoka. Nikasema hapana, hata kama ni damu ya mke wangu, mali ya wagonjwa lazima irudi. Kwa kweli ninaona aibu. Funguo zangu hukaa sebuleni, kila mtu nyumbani anazijua. Na tangu aingie chuo anataka mitambo ya kufanyia mazoezi."

"Muongo! Zilikuwa kwenye sanduku, nyuma ya friza lako!"

"Friza langu linatumia betri zangu. Mwende mkatazame."

Nilijua wakienda watakuta betri nyingine, kuukuu, za kuokoteza. Mtu aliyegandisha mshale kwa gundi hashindwi kubadilisha sanduku.

Mwalimu hakupandisha sauti. Afadhali angeipandisha.

"Jana Nesi alitaja jina. Ulisema umelisikia. Kwa nini hukusema ni shemeji yako? Unaishi nyumbani kwake."

"Niliona... Mwalimu, nilishikwa na aibu."

"Aibu ya nani?"

"Nesi," nikageuka, "nisikilize wewe, wewe ni mama. Huyo uliyempakata ni mwanangu. Mtu gani atamleta mwanawe achomwe dawa aliyoiua kwa mkono wake? Mbona wa kwao walimpeleka mbali?"

Nesi alisita. Nikaliona jambo likimwingia. Akamtazama Fundi Barafu.

"Hakujua," Fundi akawahi, taratibu, kama anayenitetea. "Ni mwanafunzi. Alidhani friji ni friji, likinguruma basi lina baridi. Elimu nusu, Nesi. Elimu nusu ndiyo inayoua."

Nesi akarudisha macho kwa mtoto. Akaishusha kola ya shati la mwanangu. Nyuma ya sikio, mpaka shingoni, nikaona vidoa vyekundu ambavyo alfajiri havikuwapo.

"Tayari surua," akasema kwa sauti ya chini.

Nikanyoosha mikono nimchukue mwanangu, Nesi akamgeuza upande wa pili. Alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile, na macho yake yalikuwa yaleyale niliyoyatumia jana kulitazama friji.

"Dada," nikasema. Nilimsogelea dada yangu hadi nikasikia anavyopumua. "Mtazame. Umemwogesha wewe, umemlisha wewe. Waambie tu nani alibeba. Sitaki kingine kwako duniani."

Midomo yake ikafunguka. Shemeji akakohoa kidogo, kikohozi cha kawaida tu. Midomo ikafunga.

Ndipo mlango ukafunguliwa na mlinzi akaingia, begi la safari bado begani, vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa mzee mwenye heshima zake. Alivua kofia, akasalimia kila mmoja wetu kwa zamu.

Nikasema, Mungu hamtupi mja wake. Huyu alikuwapo. Huyu aliona.

"Mzee," Mwalimu akamwambia, "ile siku ya mapumziko, fundi alipokuja, alikuja na mwanamke. Yupo hapa?"

Fundi Barafu akatangulia. "Nilikuja kuhudumia paneli tu, mzee, nikaondoka mapema. Aliyerudi baadaye na funguo zangu ndiye anayetafutwa."

"Ni kweli, fundi alipita mwanzo," alisema mlinzi, akijikuna kidevu. "Kisha mwanaume na mwanamke wakaja na mkokoteni. Nilikuwa nimeenda kuswali, niliporudi wanamalizia kufunga mzigo. Mwanaume alikuwa amenipa mgongo, sikumtambua. Mwanamke ndiye niliyemwona uso. Akanitazama machoni, akacheka, akaniambia wanapeleka mbovu, wataleta nzima."

"Ukimwona utamjua?"

"Kwa nini nisimjue? Macho yangu hayajazeeka."

Hapo nawaambia jambo ambalo hamkulijua, na mimi mwenyewe sijawahi kulifikiria kama jambo. Mimi na dada yangu tumefanana kama shilingi kwa ya pili. Shuleni tuliitwa pacha, ingawa amenitangulia kwa miaka. Hata mama, akiwa mbali, alikuwa akituita kwa majina yaliyokosewa.

Na asubuhi ile mimi nilikuwa kichwa wazi, uso wangu wote nje kwenye mwanga wa dirisha. Yeye alikuwa na mtandio hadi kwenye nyusi.

Mlinzi akasogea. Akamtazama dada, akanitazama mimi. Akarudi kwa dada. Dada alikuwa ameangalia vidole vya miguu yake. Mimi nilimtazama mzee machoni, bila kupepesa, kwa sababu sikuwa na cha kuficha.

Na ndicho kilichoniponza. Mwanamke wa siku ile naye alikuwa amemtazama machoni, akacheka.

"Mwenyewe ndiye huyu," alisema mzee, kwa uhakika wa mtu anayesema ukweli, akaninyooshea kidole.

Kabla Mwalimu hajaliondoa begi la vifaa begani mwangu, kabla mwanangu hajaanza kulia mikononi mwa Nesi, nilisikia sauti moja ndogo ikitokea pembeni yangu, karibu kabisa na sikio.

Ilikuwa dada yangu, akishusha pumzi.